Ukurasa wa Arobaini na Moja

Probox nyeupe iliacha lami karibu na soko la Chepsaita, ikaingia njia ya mashamba. Jacktone Odera, afisa wa kulinda mashahidi, akainamisha pikipiki yake ya Yamaha na kuifuata, vumbi likamjaa mdomoni.

Hakupunguza mwendo.

"Ameingia kwenye mahindi," alisema redioni.

"Mzuie kabla hajatuma kitu," Najma, mkuu wake, akajibu kutoka Nairobi. "Ukichelewa, Salim amekwisha."

Jacktone alilijua hilo. Miaka mitatu nyuma, dereva wa lori aitwaye Salim alisimama kortini akaeleza jinsi bunduki za magendo zilivyopita mpakani chini ya magunia ya sukari. Mwenye bunduki, mgeni aliyejiita Viktor, alitoroka; leo ndiye aliyekuwa kwenye Probox. Wenzake wanne wakafungwa. Serikali ikampa Salim jina jipya, Mahamud, na chumba mtaani Kimumu, ikamwambia asahau kila kitu.

Kila kitu alisahau, ila kodi. Kila Juni alikwenda mtaa wa West Indies, kwenye saiba ya Kipkirui, kibanda cha kompyuta na intaneti, akafaili ritani ya kodi kwa kitambulisho chake cha zamani. Akaacha hapo na namba yake mpya ya simu. Mtu anafichwa kwa gharama ya serikali, halafu anakwenda mwenyewe kuandikisha alipojificha, tena kwa hiari na kwa kulipia.

Trekta lilikuwa limeziba njia mbele. Probox ikasimama.

Jacktone alifika dirishani na bastola ya Ceska mkononi.

"Zima gari."

Viktor alizima. Kwenye ufunguo wake ilining'inia flashi ya SanDisk. Jacktone aliichukua, akamfunga pingu kwenye usukani, akaita gari la wenzake lije Chepsaita kumbeba.

Moyo ulipaswa kumdunda. Haukudunda. Tangu siku aliyofika dakika kumi baada ya wauaji, akamkuta shahidi mwingine sakafuni, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama ufizi wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alikula, alilala, alilenga shabaha. Basi.

Aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake ndogo, Najma akaisoma kutoka mbali.

"Nakala za vitambulisho elfu sita, na PIN zao za kodi. Simu hakuna. Mtaa hakuna. Kando ya jina la Salim pameandikwa ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa."

"Ukurasa wa nini?"

Simu ya Viktor ikawaka kitini. Ujumbe ulitoka kwa mtu aitwaye Betty.

*Niko kwa laini. Watu saba mbele yangu. Kitabu kinakuja.*

Hapo Jacktone akaelewa. Kipkirui hakuwa mtu wa kuamini mashine. Stima hupotea, kompyuta hufa, na wateja wake wote waliugua ugonjwa mmoja: kila Juni wamesahau paswadi. Basi alikuwa na kaunta buku moja, daftari kubwa la jalada gumu. Jina, kitambulisho, PIN, paswadi, simu, mtaa, vyote mstari mmoja. Na siku ya mwisho ya kufaili, foleni inapofika barabarani, buku hupitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka, kila mtu atafute mstari wake kabla ya kufika mbele. Miaka sita, na hakuna aliyeona ubaya.

Leo ilikuwa tarehe thelathini Juni.

Najma alitaka kumpigia Kipkirui simu afiche buku. Jacktone akamkatalia. Aliyekwisha kuuza flashi angeuza na buku.

Akatia simu ya Viktor mfukoni, akawasha Yamaha.

Mji mdogo wa Turbo ulipita. Malori yalipita. Alipoingia mjini alisoma simu ya Viktor kwenye taa nyekundu. *Watatu.* Alipofika West Indies alisoma tena. *Mmoja.*

Foleni ilikuwa imezunguka kona. Karibu na mlango, mwanamke wa koti la kijivu alikuwa ameshika buku, simu yake ikichungulia chini ya shali. Alifungua ukurasa, akapiga picha, akafungua mwingine.

Jacktone alibonyeza kizuia mawimbi mfukoni, kidude kisichozidi kiberiti. Simu zote za mtaa zikapoteza mtandao.

"Network imeenda," Kipkirui alisema kutoka ndani, na foleni nzima ikaguna.

"Dada," Jacktone alimwambia mwanamke yule kwa upole, "mstari wako uko ukurasa gani?"

Betty akaifunika simu kwa shali. Jibu lilitoka nyuma yake, kwa Mama Hawa, muuza vitambaa, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi na miguu yake ikimuuma.

"Huyu hana mstari. Mimi niko page ya kumi na nane, najua. Huyu anafungua zote. Wewe mama, unasoma ya watu kwa nini?"

Watu wakageuka. Mmoja akakumbuka kwamba mwanamke huyo alidandia laini mbele ya wengine. Tarehe thelathini Juni hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Betty akapeleka mkono kwenye mkoba.

Jacktone akaushika mkono huo.

"Usiitoe. Hawa watu wamechoka."

Betty aliutazama umati, akauacha mkoba na bastola iliyokuwamo. Pingu zikalia; askari wangekuja kumchukua. Picha zilikuwa thelathini na nane, na hakuna hata moja iliyotoka.

Jacktone aliuchana ukurasa wa arobaini na moja. Kisha akamwita Kipkirui, akamwagiza achukue makasi akate buku lote, kila mtu apewe mstari wake mkononi aende nao, na mistari ya wasiokuwapo ichomwe.

"Na mwaka ujao wakisahau?" Kipkirui aliuliza.

"Wasahau."

Makasi ya pili ya saiba Jacktone aliondoka nayo.

Kimumu, Salim alikuwa na sufuria ya chai jikoni. Alipouona ukurasa aliketi chini. Jacktone alimwambia gari lingemchukua saa kumi na mbili, na jina lingebadilika tena. Aliongeza, bila hasira, kwamba kuogopa faini ya kutofaili kulikaribia kumuua.

"Si faini, afisa," Salim alisema. "Faini ningelipa. Mwaka mzima hakuna mahali naitwa Salim. Picha za mtoto mlichukua. Jina lake niliambiwa nisitamke. Siku moja tu kwa mwaka naenda pale, naulizwa jina langu, na paswadi."

Jacktone alitazama paswadi ya mstari wa tisa. *Hodan2016.*

Agizo la Najma lilikuwa kuchoma ukurasa wote. Alikata jina la mstari wa tisa, kitambulisho, PIN, simu na mtaa, akavitia katika jiko kimoja kimoja, na mistari mingine ya ukurasa ikafuata. Kikabaki kipande kidogo kuliko kidole. Akakata mwaka nao, akauchoma. Kilichosalia akamwekea Salim kiganjani.

Jina peke yake halifungui mlango wowote.

Salim alifumba mkono, akalia kimya. Jacktone alimtazama akilia, akangoja kuhisi kitu. Hakuhisi. Akatoka nje, akavaa helmeti.

"Umechoma yote?" Najma aliuliza redioni.

"Yote," alisema.

Katika miaka sita ya kazi chini yake hakuwahi kumdanganya. Akawasha pikipiki na kushuka polepole kuelekea mjini.