Chepngeno Aacha Kukimbia na Njaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, Chepngeno alikimbia. Alipanda mlima hadi soko la Sosiot, kisha akarudi nyumbani. Jioni alikimbia tena. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alitaka sana kuingia timu ya kaunti.

"Kula kwanza," mama yake, Janeffer, alimwambia.

"Nitakuwa mzito, mama. Wasichana wepesi ndio wanashinda."

Mchana alionja ugali kidogo. Usiku alisema amechoka, akalala bila kula. Mwanzoni alishinda mbio, na watu wakamsifu. Baadaye alianza kubaki nyuma. Mguu wa kushoto ulimuuma chini ya goti. Aliufunga kitambaa, akaendelea kukimbia.

Siku moja Janeffer alikuwa akifua nguo. Alikumbuka kwamba Chepngeno hajamwomba pedi kwa miezi mingi. Alishtuka. Aliacha nguo kwenye karai, akamfuata binti yake shambani.

"Chepngeno, niambie ukweli. Uko na mimba?"

"Hapana, mama!"

"Mbona huoni mwezi wako?"

"Hedhi ilikoma tu. Hata wasichana wengine tunaokimbia nao hawaoni. Wanasema hiyo ndiyo dalili ya kuwa fiti."

"Unanidanganya!"

Chepngeno alianza kulia. Aligeuka aondoke, lakini mguu ulikataa. Akaanguka kati ya michai.

Hasira ya Janeffer iliisha hapo hapo. Alimshika mkono, wakaenda polepole mpaka kwa jirani yao Syprose. Syprose alikuwa muuguzi wa zahanati. Watu walimwita Mama Maxine.

Syprose aliwapeleka zahanati, akampima Chepngeno.

"Hana mimba," alisema.

Janeffer aliketi kwenye benchi. "Nisamehe, msichana wangu," alisema. Kisha akamuuliza Syprose, "Sasa ni ugonjwa gani?"

Syprose alimwangalia Chepngeno. "Leo umekula nini?"

"Chai."

"Na jana usiku?"

"Nililala tu."

"Sikiza," Syprose alisema. "Chakula kinafanya kazi nyingi mwilini. Kinalisha moyo, damu na mifupa. Kinafanya pia uone hedhi. Wewe unakimbia sana, unachuma chai, na unakula kidogo. Nguvu zote za chakula zinaishia barabarani. Kwa hivyo mwili umesimamisha hedhi. Hedhi ikisimama hivyo, mifupa nayo inakuwa dhaifu."

"Kwa hivyo si kuwa fiti?"

"Si kuwa fiti. Ni mwili kuomba msaada."

Chepngeno alishusha sauti. "Nitazaa kweli?"

"Wengi wanarudi sawa wakisaidiwa mapema. Hedhi ikikosa kuja miezi mitatu, mtu asingoje. Aje apimwe, maana inaweza kuwa na sababu nyingine pia."

"Basi niache kukimbia?"

"Hapana. Kukimbia ni kuzuri kwa moyo. Lakini kula vizuri, ili ukimbie hata ukiwa na umri wa mama yako."

Syprose aliwatuma hospitali, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa mguu umepata ufa mdogo. Daktari alimwambia apumzike mpaka upone. Chepngeno alikosa mbio za kaunti. Siku hiyo alilia tangu asubuhi. Jioni kocha wake, Kiplimo, alikuja kumwona.

"Mimi ndiye nilikuwa nawaambia mpunguze uzito," Kiplimo alisema. "Sitasema hivyo tena."

Mguu ulipopona, Chepngeno alianza upya polepole. Alikunywa uji kabla ya kukimbia. Akirudi, alikula mayai na viazi vitamu. Mchana alikula ugali na maharagwe, akashiba. Usiku hakulala bila chakula na maziwa. Jumapili hakukimbia. Alienda kanisani na kupumzika.

Asubuhi moja aliita kutoka bafuni. "Mama! Imekuja!"

Janeffer alicheka mpaka machozi yakatoka. Alikimbia hadi kwenye ua wa Syprose. "Mama Maxine! Imekuja!"

"Nini imekuja?"

Watu wa boda boda walikuwa wakipita. Janeffer aliona haya, akaashiria tu kwa mikono. Syprose alielewa, akapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata, Chepngeno alikimbia katika mashindano huko Litein. Alimaliza wa pili, bila maumivu yoyote. Baada ya mbio aliketi kwenye nyasi, akila ndizi. Msichana mmoja aliyefanya mazoezi naye alimsogelea.

"Chepngeno," alinong'ona, "hata mimi sijaona mwezi kwa muda mrefu."

Chepngeno alimpa ndizi. "Kula kwanza. Kesho nitakupeleka kwa Mama Maxine."