Homa ya Kati

Kompyuta mpakato yenye kadi ya picha kubwa kuliko zote dukani, ikichezeshwa gemu zito tangu adhuhuri, hutoa joto la kuivisha yai. Ya Injinia ilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Gusa hapa," alimwambia mkewe. "Hata feni haizunguki. Kitu kizuri hakina kelele."

Injinia hakuwa injinia wa chochote. Aliuza matairi, na jina hilo walimpa watu waliochoka kuelezwa mambo waliyoyajua tayari. Mkewe, mfamasia, aligusa, akavuta mkono upesi. Chini ya ile baridi kulikuwa na kitu kinahema. Jioni hiyo alipata homa ya kwanza.

Mashine waliichagua pamoja, kwa maana kwamba mke alisimama pembeni. Muuzaji, binti mwenye subira, aliwaonyesha kadi ndogo, ya kati na kubwa, akashauri ya kati. "Kadi kubwa kwenye mashine nyembamba hivi inakosa hewa, kaka. Na huwezi kuibadilisha baadaye, imelehemewa humo humo. Joto lake litapumulia wapi?"

Wanaume wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka kusikiliza, na Injinia akipata hadhira huwa mtu mwingine kabisa. "Lipumulie kwa mke wangu," alisema. "Huyu kazoea moto wa jikoni!"

Watu wakacheka. Kilichokuwa ndani ya boksi hakikucheka. Kilikubali.

Homa ilikuwa na nidhamu ya mwajiriwa mpya: gemu likifunguliwa imefika, likifungwa imeondoka. Mfamasia alipima damu, akapima tena, akameza dawa alizozoea kuwauzia wengine. Wapi! Kisha akaanza kusikia harufu ya nywele zinazoungua, akagundua inatoka kwenye pumzi yake mwenyewe. Na kila risasi iliyolia chumba cha pili ilimpasukia nyuma ya macho, na ukutani, pale ambapo kivuli chake kilipaswa kuwa, kiliinama kivuli kirefu zaidi, kikimpepea kwa kiganja chenye vidole vingi mno, taratibu, bila chuki, kama mtu anayechochea mkaa ambao hataki uishe mapema.

"Mume wangu," alinong'ona, ameshikilia fremu ya mlango. "Zima. Ni hiyo mashine."

"Na chuo kikuu chote kile, bado unaamini majini?"

"Chuoni hawakunifundisha hiki kinachoniunguza. Zima, nakuomba."

"Ngoja nimalize raundi."

Mama mkwe wake, mamake Injinia, aliyekuja kuuguza, ndiye aliyeita mganga. Mganga alikuwa mwanamke mfupi asiye na mbwembwe. Aliinusa mashine, akamtazama Injinia.

"Huyu alikaribishwa kwa ulimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye mashine akimtaja mtu, jini anakwenda kwa huyo mtu. Jitaje wewe, mkeo apone. Au ivunje. Ila ukiivunja, mabaki asiyaokote mtu, maana atakayeokota ndiye atakuwa mwenye mashine."

Injinia akafikiri. Mkewe, kwenye kochi, alimwona akifikiri, na hilo lilimuuma kuliko homa.

"Samahani, mama," Injinia alimuuliza mganga kwa heshima zote. "Nikishusha ubora wa picha je? Nikiuweka wa kati?"

"Atapata homa ya kati."

"Hiyo si anaiweza?"

Mganga akavaa viatu vyake. "Majini nayatoa," alisema. "Kwako sijui nianzie wapi."

Basi wakaishi na homa ya kati. Mfamasia alikwenda kazini akitetemeka, akarudi akitetemeka, na mumewe alimsifu kwa wageni kuwa ni mvumilivu. Hadi siku ya fainali ya mashindano ya gemu hilo, alipoupandisha ubora juu kabisa.

"Ni leo tu, mpenzi."

Mama mkwe alimtilia mkwewe maji mdomoni. Yakachemka kwenye ulimi.

"Mwanangu, mkeo anaungua!"

"Anadeka, mama," Injinia alijibu, macho kwenye kioo. "Wewe ungepata homa hii, saa hizi ungekuwa unapika. Wewe ndiye wa kuibeba, si huyu."

Kivuli kikajinyoosha ukutani, kikageuka.

"Mbona..." Mama alishika shingo yake. Mvuke ulianza kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. "Mwanangu, mbona joto..."

Injinia hakuulizia ubora wa kati. Aliinyanyua mashine fainali ikiendelea, akaibamiza sakafuni, akaikanyaga kwa visigino mpaka ikapasuka, yote hayo kabla mama yake hajamaliza sentensi.

Mama akavuta pumzi, mzima. Mfamasia alisimama bila kushika ukuta. Alitazama vile vipande, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi sasa? Si nimeshaivunja?"

"Umeivunja. Nimeona ulivyoivunja."

Aliinama kama anayefunga kiatu, akaokota kipande cheusi kidogo kama ukucha, akatoka.

Kwenye ngazi, kipande kilihema ndani ya ngumi yake. "Bibi," kilinong'ona kwa adabu, "niende kwa nani?"

Akamtaja mumewe.

"Kwa kiasi gani?"

"Usipunguze chochote."

Alishuka bila haraka. Alipofika chini alisikia, juu kule, mtu akifungua madirisha, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.