Kiti cha Mkurugenzi

"Chui kwa Nyigu. Mzigo umetoka getini. Usiupoteze."

"Ninao."

Nyigu, jasusi wa serikali, alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikakata kona ikilia. Mbele yake lori lilikimbia na kontena la bunduki mia nne, zilizoandikwa kwenye hati kuwa vipuri vya cherehani.

Kando yake, Mkaguzi wa Forodha alikuwa ameng'ang'ania mkanda.

"Dada, nimelipitisha kama ulivyosema. Miaka ishirini na miwili sijapitisha hata sanduku bila kulifungua!"

"Najua, kaka."

Ndiyo maana alimchagua. Wenye mzigo walimwogopa mtu huyu tu. Akiwapitisha, wangejiona wamepona, wampeleke Nyigu hadi mlangoni kwao.

Rushwa hakula, vitisho hakujali. Lakini kila alipopita ofisi ya Mkurugenzi, alipunguza mwendo akakitazama kile kiti cha ngozi. Nyigu aliona. Akamnong'oneza kwamba wakubwa wanamtaka akikalie. Aliposita, Nyigu alikwenda kwa mkewe akijiita wifi, naye mke akamalizia kazi:

"Mume wangu, mpaka lini utawapigia saluti watoto uliowafundisha wewe?"

Basi, akalainika. Mtu aliyewarudisha matajiri kwa kukosa muhuri mmoja, hakuomba hata kikaratasi cha ahadi hiyo! Tamaa mbele, mauti nyuma.

Lori liliingia ghalani. Nyigu akaingia nalo, bastola ya Glock mkononi.

Pa! Dereva chini.

Pa! Mlinzi chini.

Mgeni mwenye suti ya kijivu, ndiye mwenye mzigo, akanyoosha mikono juu. Dakika tatu tu, na askari walikuwa wamejaa ghala zima.

Mkaguzi alishuka akinyoosha tai. Alikuwa na furaha ya bwana harusi.

"Dada, wakubwa wataniita lini nikakalie kiti?"

Redio ikakoroma. "Chui kwa Nyigu. Waandishi wako njiani. Wakijua bunduki zimeingia kwa ruhusa yetu, tumekwisha. Nani aliyepitisha?"

Nyigu alimtazama yule mzee. Huruma ilimjia, akaimeza.

"Mkaguzi. Peke yake."

Pingu zilipofungwa, Mkaguzi alicheka. Alidhani ni mchezo wa kumzuga yule jambazi. Kisha askari akamsukuma apige magoti kando ya mgeni wa suti ya kijivu, na kicheko kikamkauka.

"Dada! Waambie basi! Dada yangu!"

"Simfahamu mtu huyu," Nyigu aliwaambia askari.

Mkaguzi alilia kwa sauti. Aliapa kwa watoto wake, akataja kila neno aliloahidiwa. Askari mmoja alimcheka.

Nyigu alikuwa amefika kwenye gari simu yake ilipoita. Alikuwa mke wa Mkaguzi.

"Wifi, redioni wanasema bunduki zimekamatwa! Ameweza mume wangu! Watoto nimeshawavalisha, tuje kumpongeza?"

Nyigu alitazama nyuma. Waandishi walikuwa wanashuka na kamera zao. Familia iliyokuja kusherehekea ingewapa picha ya hatia.

"Njooni, wifi. Njooni upesi."

Akakata simu, akavaa miwani nyeusi, akaondoka polepole.