Kofia ya Usingizi

Kofia ilinguruma kichwani mwa Jelagat kwa dakika kumi na mbili, kisha taa yake ikageuka kijani. Akafumbua macho, mchangamfu kama aliyelala usiku kucha. Kwa kweli, kwa siku tatu alikuwa akilala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, maana mwanawe alikuwa anaota meno. Na Jumamosi kulikuwa na mchujo wa timu ya taifa ya riadha, wa kwanza kwake tangu ajifungue.

Mhandisi Nasimiyu, aliyeibuni kofia hiyo, aliita kazi yake kizimauchovu: mawimbi madogo ya umeme yaliyoufanya ubongo usahau kuchoka. Alijivunia, na nani angemlaumu? Katika kambi ya Chepsamo kila kitu kipya, kuanzia viatu hadi uji, kilijaribiwa kwa mzunguko mmoja wa kasi uwanjani. Alipoivua kofia, Jelagat alikuwa ameshapimwa: sekunde sitini na nne, kama kawaida yake.

"Mzunguko mmoja hata mimi naukimbia bila kulala," alisema Kocha Tuwei. "Mpe kumi."

"Kocha, desturi ni mmoja."

"Desturi ni yetu, mama. Mbio si zetu."

Jelagat akaanza, akipumzika dakika moja baada ya kila mzunguko. Wa kwanza, sitini na nne. Wa nne, sitini na saba. Wa sita, sabini na mbili. Nasimiyu alitazama kioo cha kompyuta kilichopima mwili wa Jelagat. Misuli ya paja ilikuwa bado na michaniko ya mazoezi ya jana. Usingizi mzito ndio huishona, na kofia haikuwa imeushona hata uzi mmoja. Ilikuwa imezima kengele tu.

"Jelagat, simama!"

"Niko sawa kabisa, mhandisi," alijibu akicheka, akaondoka tena.

Kwenye kona ya pili alianguka.

Walipomfikia, paja lilikuwa limeanza kuvimba na kuwa jeusi. Kocha aliinama akalishika taratibu. Nasimiyu alipiga magoti. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama Jelagat usoni.

Jelagat alimshika mkono. Alikuwa bado anatabasamu.

"Nivalishe kofia tena kidogo tu, nimalize mizunguko minne iliyobaki," alisema. "Mbona mnaniangalia hivyo? Siumwi popote."