Kioo Kilichoingia Ukungu

Kwenye maonyesho ya vindege pale Dayton, Ohio, kuna adabu moja ambayo hakuna anayekufundisha: unatembea mikono nyuma. Meza zimejaa ndege za kivita za plastiki, nyingine zina antena nyembamba kuliko unywele, na mwenye ndege amesimama pembeni akivitazama vidole vyako. Basi Jumamosi ile ukumbi mzima ulikuwa wa watu wazima walioinama, mikono mgongoni, wakisogea polepole na kupumua kwa tahadhari. Nasi wa chama cha waunda vindege tunajiita watu wenye akili zao.

Hivyo ndivyo Thad Brockmeier alivyomgusa Gwenda Sobczak kabla hajamwona. Thad alikuwa ameinamia meza ya ndege za zamani za panga boi, Gwenda ameinamia meza ya jeti, wamepeana migongo, na vidole vyao vikakutana hapo katikati.

"Samahani," Thad alisema.

"Wewe ni mtu wa supaglu," Gwenda alijibu bila kugeuka. "Vidole vyako ni msasa mtupu."

"Na vyako vinanuka thina."

Hapo Gwenda akageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, hereni za duara za fedha, na kwenye kifundo cha mkono doa la rangi ya chungwa lililokataa kutoka. Mchana alipaka rangi magari gereji, jioni alipaka vindege, na jeti aliyoileta siku ile ilikuwa na rangi laini kiasi kwamba waamuzi waliirudia na tochi zao mara kadhaa. Thad alikuwa fundi wa lifti, mrefu, shati la kazi limepauka kwa kufuliwa, na mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza peke yake. Mguu huo haukujua kutulia hata kanisani.

Wakala soseji pamoja kwenye ngazi za nje. Gwenda akataka kujua ndege ya Thad ilikuwa meza gani.

"Haijaisha."

"Ipi?"

"Zote."

Alicheka mpaka haradali ikamdondokea kwenye jaketi la jinzi, na Thad akampenda papo hapo, haradali na yote.

Mapenzi yao yalienda mbio. Thad alikuwa akimpigia simu akiwa juu ya lifti, sauti ikirudi kutoka kwenye kuta. Gwenda alikuwa akimuuliza kama amekula.

"Nakula sauti yako."

"Haishibishi hiyo, kipenzi. Shuka ukale mkate."

Jioni walikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Thad, yeye akiunganisha, Gwenda akipaka. Rafu pale zilijaa ndege zisizo na mabawa, zisizo na mikia, kila moja imeanzwa kwa moto na kuachwa. Gwenda alimtania kwamba hata akipiga chafya huwa anaishia katikati. Lakini kulikuwa na sanduku moja la viatu ambalo hakulitania. Ndani yake mlikuwa na Phantom, jeti ya viti viwili, aliyoianza Curt, kaka yake Thad. Curt alikuwa amepaka kila kipimo na kila swichi ya chumba cha rubani kwa brashi ya unywele mmoja. Kisha saratani ikamchukua. Thad aliunganisha kilichobaki, polepole sana, na hakuwahi kubandika kile kifuniko cha kioo cha juu.

Alhamisi moja Gwenda alikuja na habari. Amepata kazi Wichita, mji wa mbali, kupaka rangi ndege za kweli, ndege ambazo zitaruka. Alizisema habari zile kwa furaha, halafu akasimama akingoja. Alitaka jambo moja tu: Thad aseme, twende.

Thad akachukua Phantom. Akasema mkanda wa kiti cha nyuma umeachia. Akaupiga tone la supaglu, akaegesha kioo juu yake, akakibana kwa tepu ya bluu, akarudisha kwenye sanduku na kufunika.

"Nipe muda kidogo," alisema, akapanda juu kuchemsha kahawa ambayo hakuna aliyeinywa.

Ijumaa Gwenda, aliyekuwa na ufunguo, alipitia pale kuchukua bomba lake la kupulizia rangi. Jumamosi Thad akafungua sanduku. Kioo kilikuwa cheupe kote, ukungu mzito kwa ndani, na kazi ya Curt haionekani. Akampigia Gwenda simu.

"Uligusa ndege ya Curt?"

"Nilifuta vumbi kwenye sanduku. Kwa nini?"

"Kioo kimeharibika. Ulitia nini?"



"Unaniuliza mimi? Mimi niguse ya Curt?"

"Uliyeingia huku ni wewe peke yako, Gwenda."

"Sikiliza, Thad. Hutaki kwenda Wichita na huwezi kusema. Ulikuwa unatafuta sababu, sasa umeipata. Hongera." Akakata.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Thad hakukaa kitako. Aliendesha gari bila safari, akala amesimama, akaanzisha ndege mpya aina ya Spitfire, akaiacha, akaanzisha nyingine. Kazini aliambiwa apumzike, akakataa. Sisi wenzake wa chama tulimpigia, akajibu kwamba yuko sawa kwa sauti ya mtu asiye sawa kabisa.

Hiyo Spitfire ndiyo iliyomuumbua. Alibandika kiti kwa supaglu, akaegesha kioo, akaifunika kwenye boksi lake, akaenda kazini. Aliporudi, kioo kilikuwa cheupe.

Akaketi kwenye ngazi. Kila anayeanza kazi hii huambiwa siku ya kwanza: supaglu hutoa moshi, na moshi ukifungiwa hushika kwenye kioo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawaambia wageni wengi. Akaitoa Phantom kutoka kwenye sanduku la viatu. Tepu iliyobana kioo ilikuwa ya bluu, yake. Gwenda hatumii ya bluu, anasema inang'oa rangi. Thad aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Akachukua kiwembe, akakibandua kioo kile taratibu, akakitumbukiza kwenye polishi ya sakafu, dawa yetu ya zamani, na ukungu ukayeyuka. Ndani, kazi ya Curt ilikuwa salama, hata kile kishikio chekundu kidogo kama mbegu ya ufuta.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kikao cha chama, kwenye ukumbi wa maktaba, na Gwenda alikuja kutuaga. Gari lake lilikuwa nje, limejaa mizigo mpaka kioo cha nyuma. Meza ya mbele huwekwa ndege zilizokamilika tu. Miaka yote ile Thad hakuwahi kuweka kitu. Akaingia na sanduku la viatu, akaiweka Phantom pale, na kioo chake pembeni.

"Supaglu ilikuwa yangu," alimwambia mbele yetu sote. "Tepu yangu. Kosa langu. Uliposema Wichita niliogopa, mikono ikatafuta kazi. Halafu nikakusingizia. Nisamehe."

Gwenda aliinama akaitazama, mikono nyuma. Macho yalikuwa mekundu.

"Mbona hujakibandika?"

"Nikikibandika, basi mimi na Curt tumemaliza. Hakuna tena cha kufanya naye."

"Na mimi? Nikae kwenye rafu?"

"Hapana. Nimekuja kukibandika. Lifti ziko hata Wichita. Na nilitaka kukuuliza..."

"Weka gundi kwanza," Gwenda akamkatiza. "Wewe maneno ya kuanza unayo mengi."

Thad akatoa gundi nyeupe, ile isiyo na moshi, akaipaka ukingoni kwa kijiti cha meno. Akakiweka kioo mahali pake, akabana kwa kidole upande wa nyuma. Upande wa mbele ukainuka kidogo. Gwenda akatoa mikono mgongoni, akaubana kwa kidole chake.

Gundi hiyo ina ubaya mmoja, haina haraka. Wakasimama. Mtu akawaletea kahawa, akaiweka mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia. Niliutazama mguu wa kulia wa Thad, nao ulikuwa umetulia.

"Imeshika?" Thad aliuliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mpenzi. Ulitaka kuniuliza nini?"

"Kama utaolewa na mimi."

Gwenda hakuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Ndiyo," alisema. "Usitoe kidole."