Ngazi Tano za Zahanati

Mama alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Binti yake, fundi cherehani, alimtazama.

"Mama, leo siku ya tatu huna dawa za presha. Twende zahanati."

"Kesho."

"Hata jana ulisema kesho!"

Mama akainamisha kichwa. "Mwanangu, si ukaidi. Ni zile ngazi. Mara ya mwisho niliteleza, nikadaka shati la mtu nisiyemjua. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze."

Binti alitoka mbio hadi kwa jirani yao, mwanamke fundi ujenzi, akamkuta anakoroga zege. Hakumpa hata nafasi ya kunawa.

Walipofika zahanati, fundi alitoa futi, akapima. "Ngazi tano, kila moja sentimita kumi na tano. Kingo hazionekani. Hakuna pa kushika. Mzee apandeje?"

"Wazee huja na watu wa kuwashika," alijibu msimamizi wa zahanati.

"Na asiye na mtu?" binti akadakia. "Mama yangu anakosa dawa kwa sababu ya ngazi!"

Msimamizi akashusha pumzi. Palepale akamtuma muuguzi nyumbani kumpima mama na kumpelekea dawa. Kisha akamgeukia fundi. "Tufanye nini?"

"Jengeni njia ya mteremko. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Hapa ni mita tisa. Mkiifupisha, itakuwa kali, haitapandika. Wekeni vyuma vya kushika pande zote mbili. Ngazi zibaki, ila kingo zipakwe rangi ya njano. Na benchi liwe na mikono, mtu apate pa kujiinulia."

Kamati ya zahanati ilivutana wiki nzima. Kila asubuhi binti alipita kuuliza, mpaka wakamzoea. Mwezi uliofuata, kazi ikakamilika.

Siku ya kliniki, mama aliondoka peke yake. Binti alikaa kwenye cherehani, lakini akili haikuwa hapo. Akashona mkono wa gauni ndani nje. Akaufumua. Akakosea tena. Mwishowe aliacha kila kitu, akakimbia.

Alimkuta mama benchini, dawa mkononi, akimwelekeza mzee mmoja: "Shika chuma, kaka. Usiwe na haraka, miguu itafuata."

Mama akageuka. "Wewe umefuata nini? Kazi umemwachia nani?"

Binti akajifuta jasho.

"Nenda kashone," mama akasema. "Mimi bado nina mazungumzo."