Ndama wa Banda la Nne

Asubuhi ya tatu, Anneth alipoingia banda la nne na reki na ndoo, hakukuta cha kusafisha.

Majani makavu aliyoyatandika siku ya kwanza yalikuwa vilevile. Hayakulowa, hayakuwa na hata punje moja ya kinyesi. Katikati yake alilala ndama wa mbawala, mdogo wa kuenea kwenye karai, masikio yamesimama, macho meusi yakimtazama. Alikuwa amemaliza chupa saba za maziwa tangu aonekane pale. Mnyama anayekunywa lazima atoe. Hilo Anneth alilijua tangu hajaenda chuo kusomea wanyamapori, kwa kukulia kwenye nyumba yenye mbuzi.

Aliitazama sakafu kwa muda, kisha akachukua reki yake akaenda banda la tano.

Mtu mwingine angeuliza. Anneth hakuwa na maswali mwaka ule. Mwezi wa pili alijifungua mtoto wa kiume mjini, akampa jina Elinipa, na siku ya kumi na moja akamzika. Baba wa mtoto alikuja mazishini, akasimama nyuma ya watu, akaondoka kabla ya chakula. Pale nyumbani Kijenge mama yake alimngoja alie. Majirani nao walingoja. Anneth alikula alipoambiwa kula, akalala alipoambiwa kulala, na machozi hayakuja. Mwezi wa saba aliona tangazo kwamba hifadhi ndogo ya Ngarasho, juu kwenye miteremko ya Meru, inatafuta watu wa kujitolea kulea wanyama yatima. Akatuma cheti chake, wakamwita. Mshahara haukuwepo. Palikuwa na chumba kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, chakula, na kazi ya kuanzia alfajiri mpaka giza. Hakutaka zaidi ya hapo.

Watu wa pale walikuwa wachache. Tabea, mama wa Kimeru aliyekaribia miaka sitini, alipika. Alikuja kila siku na mjukuu wake mgongoni, Aikaeli, mtoto wa miezi minane, kwa sababu binti yake alishinda kwenye mashamba ya maua huko chini. Lemburis, askari wa hifadhi wa miaka mingi, alipanda msituni na wenzake kwenye doria na kushuka siku yoyote. Daktari wa wanyama, Prosper, alifika mara moja kwa wiki kwa gari lenye matope.

Siku ya tano Lemburis alishuka. Anneth alimkuta anaosha buti bombani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo wa banda la nne ulimpokea kwa nani?"

"Nilidhani umemleta wewe."

"Mimi? Nimekuwa juu siku sita."

Wakamuuliza Tabea. Yeye alidhani Prosper ndiye aliyemleta. Wakampigia Prosper simu, naye akasema hajui ndama yeyote. Lemburis aliufunga mfereji, akasimama na buti moja mkononi. Anneth alirudi kuchemsha chupa.

Ukweli ni kwamba hakutaka ndama yule apate mwenyewe wa kumdai. Alipokuwa akimnyonyesha, kichwa chake kidogo kilimlalia mapajani, na pale kilipolala Anneth alihisi joto. Lilikuwa jambo dogo, joto tu la mnyama. Ila tangu mwezi wa pili hakuwa amehisi chochote, si baridi ya mlima, si chumvi kwenye chakula, na sehemu ile ya paja ikawa sehemu pekee ya mwili wake aliyoamini kwamba bado ni yake.

Siku ya nane ndama aliiachia chuchu ya mpira kabla ya kumaliza.

"Kunywa," Anneth alimwambia. "Kunywa, Elinipa."

Jina lilitoka lenyewe. Ndama aligeuza shingo, akamtazama usoni kwa makini, kama mtu aliyeitwa. Kisha akanywa mpaka tone la mwisho.

Kesho yake digidigi jike wa banda la pili alikutwa amekufa.

Prosper alimpasua juu ya meza ya mbao nyuma ya jiko. Kisu chake kilisimama. "Ulimlisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Alimaliza chupa yote."

"Humu hamna hata tone." Alilifungua tumbo zaidi kwa vidole viwili. Lilikuwa limekauka kama ngozi iliyoanikwa juani siku nyingi. "Huyu hajala wiki nzima, Anneth."

Anneth alifungua daftari akaandika: Digidigi, jike. Amekufa. Mwandiko wake haukutetemeka. Siku mbili baadaye aliandika mbega mdogo, na baada yake digidigi dume, na kila mara Prosper alikuta tumbo kavu. Katika banda la nne ndama alinenepa, manyoya yakang'aa, na majani aliyolalia yakabaki makavu.

Ikaanza harufu. Tabea ndiye aliyeisema, mchana mmoja wa ukungu, akichambua mchicha.

"Unasikia?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hapa pananukia kichanga. Poda, na maziwa yaliyogandia shingoni."

"Si Aikaeli huyo?"

"Aikaeli mkubwa sasa. Nimelea watoto sita, mwanangu. Hii ni ya mtoto ambaye hajatimiza hata mwezi." Aliangalia mlango wa jiko, akashusha sauti zaidi. "Na jana nilipokuwa nafagia ukumbini nilisikia mtu ananyonya. Ile sauti ya mtoto mwenye njaa, ananyonya na kuhema. Chumbani kwako. Nikafungua. Hamna mtu."

Anneth alikuwa ameisikia pia. Alikuwa ameisikia siku nne mfululizo, mchana kweupe, ukutani, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, na hakuwa ameinuka hata mara moja.

"Labda ni panya," alisema.

Tabea alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

Wiki iliyofuata Aikaeli aliacha kulia. Mwanzoni bibi yake alishukuru Mungu, maana mtoto yule alikuwa na kelele. Baadaye akaona kwamba halilii njaa, halilii mkojo, halilii hata kidole kilichobanwa na mlango wa kabati mpaka kikavimba. Akikalishwa chini anageukia upande wa mabanda, anabaki hivyo hivyo, mdomo wazi. Uji unamtoka pembeni mwa midomo. Mwinjilisti wa usharika alikuja na kanzu yake mkobani, akaomba, akaimba, akamwekea mtoto mkono kichwani. Mtoto hakupepesa jicho. Zahanati walimpima malaria na damu, wakasema yuko salama. Kila siku nepi zake zilikuwa kavu.

Tabea ndiye aliyezionyesha nepi hizo kwa Anneth. Alizitandaza juu ya kamba, nne nyeupe, zilivyo.

"Anakunywa," alisema. "Namnywesha mwenyewe, anameza, namwona anameza. Kinaenda wapi? Niambie wewe uliyesoma. Kinaenda wapi?"

Anneth alizitazama nepi. Alijua alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akakosa. Lakini miguu yake ilikwenda hadi kwa Lemburis, na mdomo wake ukasema, "Mzee, mtoto wa watu atakufa. Kama unamjua mtu, mlete."

Lemburis alishuka kwa pikipiki hadi Kwa Mrombo, akarudi adhuhuri na binamu yake, Naisiae, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza dawa za mizizi sokoni. Alivaa shuka juu ya sweta la shule, na simu yake ililia mara mbili kabla hajashuka kwenye pikipiki. Aliizima. Hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja banda la nne, akachuchumaa mlangoni bila kuingia.

"Nani anamlisha?"

"Mimi," Anneth alijibu.

"Umempa jina?"

Anneth aliyatazama majani makavu.

"Nimekuuliza, dada. Umempa jina?"

"Elinipa."

Tabea, aliyekuwa nyuma yao na mtoto kifuani, alisema, "Yesu wangu," kisha akaziba mdomo. Alikuwa amelijua jina hilo tangu mwezi wa saba, Anneth alipomtajia.

"Ni la nani?" Naisiae aliuliza.

"La mwanangu."

"Yuko wapi?"

Upepo ulikuwa umetulia. Hata mbega wa msituni walikuwa kimya. Anneth alisema, "Kijenge," kwa sababu ndiko alikozikwa, na kwa sababu lilikuwa jibu ambalo halikuwa uongo.

Naisiae aliinuka, akafungua kitambaa, akatoa vipande vya mkaa wa oloirien, ule ambao kina mama husafishia vibuyu vya maziwa. Aliuwasha kwenye kopo, akaupuliza mpaka ukatoa moshi. "Mimi nitafukiza," alisema. "Hiyo ni kazi ndogo. Kitu hiki hakina jina lake, kiliokota lako, na wewe ukakinyonyesha. Wewe ndiye utakinyang'anya. Mwambie si mwanao. Mwambie mwanao yuko wapi. Useme lile neno lenyewe."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Anneth aliingia, na moshi ukaingia naye, na ndama, ambaye siku zote alimpokea kwa kunyoosha shingo, alisimama wima kwa mara ya kwanza, akawa mrefu kuliko alivyopaswa kuwa, na harufu ya poda na maziwa ikajaa banda mpaka ikawa nzito kooni, na kwenye kuta, kwenye paa, chini ya majani yale makavu ambayo hayakuwahi kulowa, ikaanza ile sauti ya kunyonya, kwanza moja, kisha mbili, kisha kama vinywa kumi vinavyovuta kwa pamoja, na Anneth akafungua mdomo akasema, "Wewe si mwanangu," na ndama akapiga hatua moja kumwelekea, akaweka paji lake la joto kwenye paja lake, pale pale, mahali pekee alipokuwa akihisi kitu, akakisugua kichwa polepole kama anayebembeleza, na nje Tabea akalia, "Sema, mwanangu, sema, mtoto ameacha kupumua," na Anneth, mkono wake ukiwa tayari umeshuka bila yeye kuujua na kuanza kumpapasa yule mnyama nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye na kile kilichokuwa mbele yake, "Mwanangu amekufa."

Ndama aliinua kichwa. Akafungua mdomo na kulia, na kilikuwa kilio cha kichanga, chembamba, cha kukatikakatika, kilio ambacho Anneth alikisikia kwa siku kumi na moja na ambacho angekitambua katikati ya vichanga elfu. Kisha akampita pajani, akampita Naisiae na kopo lake la moshi, akavuka bustani ya mboga bila jani hata moja kutikisika, akaingia ukunguni upande wa msitu.

Aikaeli alivuta pumzi na kupiga yowe. Alilia mpaka uso ukawa mweusi, akamlowesha bibi yake kuanzia kifuani hadi kwenye kanga, na Tabea akakaa chini kwenye matope akicheka na kulia pamoja. Lemburis alivua kofia. Naisiae alimwaga mkaa, akaukanyaga, akamtazama Anneth kwa muda.

"Lia sasa," alimwambia. "Njia iko wazi."

Anneth alijaribu. Alikaa kwenye ngazi za nyumba mpaka jua likazama nyuma ya mlima, mikono magotini. Paja lake lilikuwa limepoa.

Maisha yalirudi Ngarasho. Wanyama waliolishwa walinenepa kweli, mabanda yalichafuka, Tabea aliimba tena akipika. Mvua za vuli zilikwisha. Anneth aliamka, alisafisha, alilisha, aliandika. Mama yake alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Anneth alimwambia hajambo.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza Lemburis alishuka kutoka doria kabla ya siku yake. Hakuosha buti. Alimkuta Anneth stoo, akipima unga wa maziwa, akamwita nje.

"Sikutaka kukuonyesha," alisema. "Nimefikiri njia nzima. Lakini nikikuficha na likakukuta peke yako, nitakuwa nimekukosea."

Akampa simu. Kwenye picha ulionekana udongo mweusi wa majivu, ule wa juu kabisa ambako miti inaisha na hakuna anayechunga wala anayechanja kuni. Juu yake palikuwa na alama za kwato ndogo za mbawala, mbili mbili, zikitoka msituni. Zilikwenda hatua kama kumi. Halafu hazikuwa kwato. Zilikuwa nyayo za mguu mtupu, fupi, nene, vidole vitano, za kuyumba, moja huku na moja kule, na mahali pawili alama za viganja, ambapo aliyekuwa akitembea alianguka na kuinuka.

"Zinaelekea wapi?" Anneth aliuliza.

Lemburis aligeuka kutazama mlima. "Zinashuka."

Anneth aliikuza picha kwa vidole viwili. Alihesabu kimoyomoyo kuanzia mwezi wa pili. Miezi kumi na moja. Kitu cha vuguvugu kilikuwa kikilowesha kifua cha shati lake, pande zote mbili, kikishuka taratibu mpaka kwenye mshipi, naye hakukipangusa.

"Unaogopa, binti?"

"Hapana."

"Basi funga vitu vyako. Nakupeleka kwa mama yako leo hii."

Anneth aliendelea kuitazama ile picha, na uso wake, ambao Lemburis hakuwahi kuuona ukibadilika tangu mwezi wa saba, ukalegea polepole.

"Ameanza kutembea," alisema.